Re: Bango la sarakasi la "1898", ni halisi au nimepigwa?

Salama mkuu. Umesema bango lako lina tembo, limeandikwa Ringling Bros. and Barnum & Bailey, yaani sarakasi kubwa ya Marekani, na muuzaji amekuapia ni la 1898. Hapo kwenye jina tu amejikamatisha. Ndugu wa Ringling, wenye sarakasi yao, waliinunua Barnum & Bailey 1907, ila sarakasi hizo mbili ziliunganishwa 1919. Kabla ya hapo majina hayo hayakuwa ya sarakasi moja.

Umri mwachie, sasa tazama uchapaji. Chukua lenzi, angalia ngozi ya tembo. Ukiona vitone vimejipanga sawasawa kama masega ya nyuki, hiyo imechapwa kutoka picha iliyopigwa ya bango, aghalabu nakala ya juzi. Mabango ya zamani ya chapa ya mawe (picha ilichorwa juu ya jiwe kisha ikachapwa) vitone vyake vimetawanyika ovyo, kama vya kalamu ya nta. Mimi niliwahi kuingia mkenge kwa kuamini bango ni la zamani kwa kuwa karatasi imekuwa ya njano. Kumbe ilipakwa chai!

Chini pana kipande kilichogundishwa chenye mji na siku ya onyesho? Kama kimeandika siku ya juma na tarehe bila mwaka, linganisha na kalenda za zamani, utabana miaka.

Kuhusu shemeji kukataa litundikwe sebuleni, mimi niko upande wake kidogo. Tembo waliokuwa wakijaza hema waliongozwa kwa fimbo yenye ndoano, na watu walipoanza kulalamika, Ringling wakawastaafisha 2016, wakafunga 2017, wakarudi 2023 bila mnyama hata mmoja. Liweke chumba chako cha kazi.

Tupia picha ya karibu ya kona ya chini ya bango.