Nyama Tamu Kutoka Burma: Kiingereza cha Mezani Nilichojifunza kwa Aibu

Alhamisi iliyopita, nikiwa kwenye matatu nikirudi nyumbani, kijana mmoja ambaye husoma ninayoandika alinitumia ujumbe. Amepata kazi Upper Hill, ana miezi minne huko, na kwa uchangamfu wake amemwalika bosi wake, Mwingereza, aje na mkewe kula kwake Jumamosi. "Dada, Kiingereza cha ofisi ninacho," aliandika. "Ripoti naandika, mkutano naongoza. Cha mezani ndicho sina. Watu wakishaketi nitawaambia nini?"

Nilicheka mpaka makanga akanigeukia. Kisha nikanyamaza, maana jambo lenyewe bado linaniuma.

Wewe na mimi tumesoma shule zilezile. Ukinaswa unaongea lugha ya nyumbani unavishwa kibao shingoni, unashinda nacho mpaka umnase mwenzako umpokeze. Insha tuliandika, machweo tukayaeleza kwa maneno ambayo hatujawahi kuyatumia tena. Lakini hakuna mwalimu aliyenionyesha namna ya kumwambia mgeni kwa Kiingereza aongeze mchuzi. Chakula tulikiongelea nyumbani, kwa lugha za nyumbani, na adabu yake tuliipata huko. Ndiyo maana mtu anaweza kutoka na A ya Kiingereza na bado akababaika mbele ya sufuria ya pilau.

Yangu yalianza 2018. Bosi wangu wa wakati huo alikuwa mtu wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Siku moja akaniambia, "You must come round for tea. Saturday, six o'clock." Mimi nikasikia chai. Nikamwambia mzee wangu asile kitu, nitarudi saa mbili nipike. Nikanunua kichane cha ndizi mbivu nisiende mikono mitupu.

Sikujua kwamba kwa watu wengi wa kaskazini kule, "tea" ndicho chakula chenyewe cha jioni, na wako wanaoita cha mchana "dinner". Nilipofika Kileleshwa nilikuta meza imejaa: kuku wa kuokwa, viazi, karoti, minji. Nikafurahi moyoni. Mama mwenye nyumba akaninyooshea bakuli. "Would you like some potatoes?"

Nami, mtoto niliyelelewa, nikajibu, "No, thank you."

Unajua nilichokuwa nikingoja. Kwetu mgeni hakubali mara ya kwanza, ataonekana ametoka kwao na njaa. Mwenyeji anasema haiwezekani, kula, mbona umekonda hivi. Mgeni anasema basi kidogo tu. Hapo ndipo sahani inajazwa. Yule mama akasema, "Of course," akatabasamu, bakuli likapita kwa mtu wa pili, kisha wa tatu, na viazi vile sikuviona tena. Karoti zikapita vivyo hivyo, kwa sababu sikuwa nimeshtuka bado. Kuku nilipata kipande kimoja, nacho ni kwa kuwa bosi alinipakulia bila kuuliza.

Saa tatu usiku nilikuwa stejini, nimevaa gauni la harusi za watu, nakula smokie yenye kachumbari na nywele zangu zinanuka moshi wa jiko la muuzaji.

Basi hilo lichukue la kwanza. Mwingereza ukimwambia hapana anakuamini, na kukuamini ndiyo heshima yake. Ukitaka, sema "Yes, please." Ukiona haya, sema "Just a little, please." Utapewa kidogo, lakini utapewa.

Ikabidi na sisi tuwaalike. Tulikuwa tunakaa Donholm, orofa ya tatu, na sitaficha, nilitaka waone. Nilitaka arudi ofisini aseme yule mama anaishi vizuri. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa Burma nachagua mbuzi, mguu wa nyuma, kilo tatu, kwa sababu ukichelewa unaachiwa shingo na mbavu. Mama mkwe alikuwa kwetu wiki hiyo, ametoka Nyeri kuja kliniki, akasema mukimo ataponda mwenyewe na hakuna atakayeugusa mwiko wake.

Niliwaambia saa moja jioni. Kwa hesabu ya Nairobi hiyo ni saa mbili na robo, wakiwa bado Jogoo Road. Saa moja na dakika tano kengele ikalia. Mimi niko na leso kiunoni, chapati ya kumi iko motoni, unga hadi kwenye nyusi. Yule mama akaingia akivuta hewa. "Oh, it smells lovely!"

"Thank you," nikamjibu, "it is not yet."

Hata sasa nikikumbuka nafumba macho. Angeniambia mtu tu kwamba hapo jibu ni "Thank you, it's nearly ready," na vinywaji vinatolewa haraka: "Can I get you something to drink?" Hayo yanakununulia nusu saa ya kumalizia chapati.

Tukanawa, tukaomba, tukapakua. Bosi akaonja, akatazama meza nzima, akasema kwa sauti ya kutoka moyoni, "This is really very sweet of you."

Mimi nikashika neno moja tu hapo. Sisi tuna tamu, nalo linatutosha: sukari tamu, nyama tamu, usingizi mtamu, hadithi tamu. Nikajua nyama imesifiwa.

"Yes," nikasema kwa furaha, "the meat is very sweet. It is from Burma."

Akaweka uma chini. "From Burma?"

"Yes. I went myself, in the morning."

Mkewe akamtazama mumewe. "This morning?"

"At six," nikasema. "When you go early they give you the good leg."

Mzee wangu, ambaye ndiye angeniokoa, alikuwa ameshika mfupa kwa mikono miwili. Ilipita kama dakika nzima kabla hajaumeza mchuzi akawaeleza kwamba Burma ni soko la nyama kando ya Jogoo Road, si ile nchi ya Asia iliyobadilisha jina ikawa Myanmar mwaka wa 1989. Wakacheka mpaka machozi. Nikacheka nao. Na nikajua pia, usiku huohuo baada ya kuulizia, kwamba "That's very sweet of you" maana yake ni umetutendea wema, na kwamba nyama kwa Kiingereza chao huwa "delicious" au "tasty". Ukisema "sweet", wao wanasikia sukari.

Haikuishia hapo. Mama mkwe aliona sahani ya yule mama imebaki na mchuzi tu, akanikonyeza. "Mwongezee. Huyu hajala."

"Add!" nikamwambia mgeni. "You have not eaten!"

"I'm good, thank you."

"I am also good," nikajibu, nikamwekea vipande viwili.

"I'm good" hapo haina uhusiano wowote na hujambo. Ni inanitosha. Na "You have not eaten" kwetu ni upendo, lakini kwa sikio lao ni kama unamshtaki mtu kwa kudharau chakula chako. Sema "Would you like some more? There's plenty." Uliza mara moja, labda ya pili baadaye, kisha uache bakuli mezani: "Please, help yourselves." Hiyo ndiyo karibu yao. Neno karibu lenyewe hawana, "welcome" halifiki popote karibu nalo, usijichoshe kulitafuta.

Saa nne bosi akapiga magoti yake kwa viganja, akasema, "Right, we'd better make a move." Nikadhani kiti kinamuumiza. Nikamwonyesha kochi. Kumbe wanaaga. Nikasema basi "let me escort you", mkewe akacheka tena, akauliza kama wamekamatwa.

Jumatatu, chai ya saa nne, hadithi ilikuwa imefika ofisini kabla yangu. Sijui kama bosi aliisimulia kwa ubaya. Nadhani hapana. Lakini kwa mwaka mmoja na zaidi niliitwa Burma. Mtu anapita na faili, "Burma, umeona invoisi?" Wenzangu Wakenya ndio waliolishikilia zaidi, watu ambao wao wenyewe husema "add me tea" kila siku ya Mungu. Na huyo bosi alikaa Nairobi miaka minne akaondoka na jambo, asante na pole pole. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi sawa na Kiingereza. Hakuna aliyempa yeye jina.

Sasa nisikilizeni, hasa nyinyi vijana mnaotaka kupanda, na najua mnataka. Acheni kukariri maneno makubwa. Kazi nyingi mjini hapa hupatikana watu wakila, na wakubwa hawakuulizi habari za machweo. Wanakuuliza "Could you pass the salt?" na wewe unanyoosha mkono juu ya sahani za watu watatu. Uliza mapema, siku ukialika: "Is there anything you don't eat?" Mimi sikuuliza, ningekuwa na bahati mbaya ningewapikia mbuzi watu wasiokula nyama. Ukitaka kuombea chakula usiwashtukize wameshapeleka kijiko mdomoni, sema "Shall we say grace?" Nao wakitoka, "Thank you for coming, it was lovely to have you." Basi. Sentensi kumi. Zisemee kioo ukipiga mswaki. Mimi nilizisema mwaka mzima, mzee wangu akidhani naongea na simu.

Mwezi uliopita nilikuwa na wageni saba mezani, wawili wa Scotland, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wao wa kazi. Mukimo uliisha. Mmoja wao aliniambia "I couldn't eat another bite," nikamwachia sahani yake kwa amani, ingawa mkono uliniwasha.

Hayo yote nilimwandikia yule kijana kwa ujumbe mrefu hata nikapitiliza steji yangu. Akajibu kwa mstari mmoja: "Asante sana dada. Na hiyo nyama nzuri niinunue wapi?"

Nikamwandikia: Burma, nenda saa kumi na mbili. Wakikuuliza mezani, sema Jogoo Road.