Jig moja majina matatu: ushauri kwa mnaojifunza fidla ya Ireland

Juzi nimepata meseji ya kijana wa Mombasa, anapiga fidla kwenye kikundi cha taarab na sasa amenogewa na miziki ya Ireland, anauliza, kaka hii Morrison's Jig (jig ni wimbo wa kuchezea dansi wa Ireland, wa mapigo ya tatutatu) mbona nikiitafuta naikuta na majina mengine, nishike lipi? Nimefurahi kuulizwa, maana hilo swali lilinitoa machozi hapahapa Dublin na hadi leo nikikumbuka roho inaniuma.

Jig yenyewe niliipata kwa mzee mmoja wa Kerry, jimbo la kusini magharibi mwa Ireland, nota hajui, alinipigia taratibu jikoni kwake mpaka ikaniingia, akasema inaitwa The Stick Across the Hob. Basi siku moja kwenye sesheni ya pabu, wapigaji wanakaa meza moja baani na kupiga pamoja, nikaambiwa haya mgeni anzisha, nikataja jina nililopewa. Jamaa mmoja anayeogopwa pale akacheka kwa sauti, eti hakuna kitu kinaitwa hivyo, hiyo ni Morrison's, rudi ukajifunze. Meza nzima ikacheka. Nilinyamaza, ugenini utasema nini, ila nilikuwa na haki na hakuna aliyetaka kunisikiliza.

Nikaanza kuchimba. James Morrison alikuwa mpiga fidla wa Sligo, kaskazini magharibi mwa Ireland, aliyehamia New York, huko akarekodi santuri nyingi na kufundisha watoto wa wahamiaji. Miaka ya 1930 alikuwa anapiga na Tom Carmody, mtu wa kodiani kutoka Kerry. Inasimuliwa kwamba usiku wa kuamkia kurekodi, Carmody alimpigia jig ya kwao, aliyoipata kwa baba yake Maurice, na yeye aliiita The Stick Across the Hob, Morrison akaidaka usiku uleule na kesho yake ikaingia kwenye santuri. Lebo ikaandikwa Maurice Carmody's Favorite, heshima kwa yule baba. Sasa santuri zikavuka bahari kurudi Ireland, watu wakajifunza kwa kusikiliza, na kwa vile walichosikia ni fidla ya Morrison wakaiita Morrison's, ikaganda hivyo. Morrison kafariki 1947, jina lake linatajwa kila usiku kwenye mapabu, familia iliyotoa jig hata haikumbukwi. Mzee wangu yeye alikuwa amebaki na jina la Kerry tu, sasa kosa lake nini?

Na wala sio jig hii peke yake. Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyekuja kuwa mkuu wa polisi wa Chicago, alichapisha melodi 1,850 mwaka 1903, na kwenye kitabu chake cha 1910 akalazimika kuweka sura nzima kuhusu majina tofauti ya wimbo mmoja.

Kwa hiyo mdogo wangu ushauri wangu ni huu, kabla hujauliza jina uliza umeipata kwa nani. Andika kwenye daftari, nimeipata kwa fulani, wa sehemu fulani, yeye anaiita hivi. Ukikutana na jina jingine usifute la kwanza, liongeze chini yake. Na ukipewa na mzee, taja mzee, usione haya, vijana wa siku hizi tunadaka kila kitu mtandaoni halafu tunajifanya kimetoka mbinguni, hiyo ni dharau kwa waliobeba hii miziki.

Upande wa kupiga, kama fidla yako mmeityuni kiarabu irudishe kwenye G D A E kwanza, ndio majina ya nyuzi nne kuanzia ule mnene. Kidole cha kwanza kilaze juu ya nyuzi mbili kwa pamoja, D na A, hapo umeshapata noti E na B, na ndizo noti mbili ndefu zinazofungua jig. Usikinyanyue, upinde tu ndio unahama uzi. Sehemu ya pili uzi wa E unaachwa wazi unalia katikati kila mara, kidole cha kwanza kinaruka kutoka uzi wa A kwenda uzi wa E na kurudi, anza polepole, moja mbili tatu, moja mbili tatu, uzito uangukie kwenye moja.

Ikishakaa nirekodie unitumie. Inayofuata nitakupa Haste to the Wedding, hiyo ilipigwa kwenye maigizo ya ukumbi wa Drury Lane, London, mwaka 1767, nayo utaikuta inaitwa Rural Felicity, majina yote mawili yaandike.