Nilimnunua mimi, akampenda Dogo

Jumatano usiku, usingizi umeshaanza kunichukua, ujumbe ukaingia kutoka kwa msomaji wa Morogoro. "Shikamoo kaka. Nina mbwa wangu mwaka wa pili huu. Nitajuaje kama ananipenda mimi au anapenda ugali wangu?" Nikacheka peke yangu gizani, halafu kicheko kikakatika. Swali hilo mimi nilikaa nalo miaka mitatu, na sikuwahi kuthubutu kumuuliza mtu.

Najua wengi mnaonisoma tuko safari moja. Umepata kiwanja, umepandisha kuta, umehamia plasta haijaisha, sasa unataka geti lenye kibao cha "Mbwa Mkali" na mbwa wa kukifanya kibao kiwe kweli. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 2018 tulihamia Goba, vyumba viwili havina dari, lakini geti lilipokamilika tu nikaenda kununua mbwa. Chotara wa German Shepherd, wiki nane, masikio bado yameanguka. Laki tatu na nusu. Mke wangu akanikumbusha habari ya dari. Nikamwambia dari hailindi nyumba.

Nikampa jina Jenerali.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa maeneo ya Posta, mjini kati. Anayeijua foleni ya Dar hahitaji maelezo: natoka saa kumi na moja alfajiri, narudi saa tatu usiku. Jenerali akabaki na Dogo, ndivyo tulivyomwita kijana wa Singida aliyekuwa akitusaidia kazi za nje. Dogo ndiye aliyempikia dona na dagaa, ndiye aliyemtoa kupe mmoja mmoja na kuwaua kwa kiberiti, ndiye aliyekaa naye chini ya mwembe jioni wakisikiliza mpira redioni. Mimi nilitoa hela. Nikaamini kabisa kwamba mwenye hela ndiye mwenye mbwa.

Sasa ungeona alivyokuwa akitupokea. Dogo ametumwa mayai dukani, hata dakika kumi hazijafika, anarudi: Jenerali anatikisika mwili mzima kuanzia mabegani, masikio amelaza nyuma, anatoa kile kisauti cha puani kama mtoto anayedeka, anaegemea magoti ya Dogo mpaka mayai yanataka kumwagika. Mimi nashuka kwenye gari baada ya saa kumi na sita: mkia mara tatu, taratibu, kama askari wa benki anayekufungulia kwa sababu ameona kitambulisho. Ananusa suruali, anarudi zake. Nikaanza kumletea mifupa ya makongoro kutoka kwa mama ntilie. Anaipokea vizuri, kisha anakwenda kuitafunia mlangoni kwa Dogo.

Nilisoma mahali kwamba watafiti wa Bari, Italia, mwaka 2007 walipima mikia ya mbwa 30, wakakuta mbwa akimwona bwana wake mkia unavutika zaidi upande wake wa kulia, na akimwona mbwa mgeni mbabe unavutika kushoto. Basi usiku nasimama uani na tochi ya simu natazama mkia unaelekea wapi. Msinicheke. Ulikuwa unaning'inia katikati.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo sipendi kulisimulia.

Jirani mmoja, mfugaji wa siku nyingi, akaniambia mbwa wa ulinzi akizoeshwa na kila mtu anaharibika. Mfunge mnyororo mchana, usiku mlishe wewe peke yako, atakujua bwana wake ni nani. Dogo akasema, "Bosi, huyu atachanganyikiwa." Nikamwambia hiyo si kazi yake. Jenerali akakaa kwenye mnyororo miezi minne. Aliizunguka ile nguzo mpaka majani yakafa, pakabaki duara la udongo lililong'aa kama sakafu. Duara hilo lilichukua misimu miwili ya mvua kufunikwa tena.

Asubuhi moja akafunguliwa kidogo, akachukua kiatu changu cha ofisini kibarazani, akakitafuna kisigino chote. Nilirudi usiku, nikakiona, nikavua mkanda. Alilala chini, hakukimbia, hakutoa hata meno. Nikampiga.

Dogo aliningoja nimalize kula. Akaja mlangoni, akasema kwa heshima zote, "Bosi, kile kiatu alilala nacho tangu asubuhi. Amekiwekea kidevu mpaka saa nane. Kutafuna alianza mchana." Akaaga akaenda kulala.

Sikumwelewa usiku ule. Nilikuja kumwelewa baadaye sana, niliposoma habari za Gregory Berns wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta. Yeye na wenzake waliwafundisha mbwa 12 kutulia ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawanusisha harufu: ya mbwa mwenyewe, ya mbwa mwingine wa nyumbani, ya mbwa mgeni, ya mtu mgeni, na ya mtu wanayeishi naye. Ile sehemu ya ubongo inayoamka mtu anapotarajia kitu kizuri iliwaka zaidi kwa harufu ya mtu wa nyumbani. Na huyo mtu hakuwapo chumbani. Ilikuwa harufu tu. Mbwa wangu alikuwa na harufu tu, saa kumi na sita kwa siku, na nilimpiga kwa kuishika.

Msomaji wangu wa Morogoro, jibu lako la kwanza hilo. Akibeba kandambili yako au soksi au shati la jasho akalala juu yake, usimtafutie ubaya. Ficha viatu vya bei kali, muachie kitambaa kikuukuu chenye jasho lako.

Desemba ile Dogo akaenda kwao Krismasi. Jenerali alisusa chakula siku mbili, akalala mlangoni mwa chumba cha nje na ndala moja ya bluu iliyokatika mkanda. Nilikwenda kuichukua niitupe. Mkono ukafika, ukarudi. Nikamfungua mnyororo siku hiyo, nikaupeleka kwa fundi vyuma. Nikamwacha na ndala yake.

Miaka inayofuata naipita, haina kitu: kazi, foleni, dari ikapigwa.

Septemba 2021 bodaboda ikanigonga Tegeta, mguu wa kulia ukavunjika mahali pawili. Hogo, magongo, miezi mitatu nyumbani. Mara ya kwanza tangu tuhamie nikawa nimekaa uani kwangu saa nne asubuhi. Wiki ya kwanza Jenerali alilala getini, amenipa mgongo. Wiki ya pili akahamia chini ya mwembe, uso huku. Sikumwita. Sikuwa na mfupa, sikuwa na kitu, nilikuwa na maumivu na redio. Wiki ya tatu kwenye ngazi ya chini. Nilikuwa nahesabu vigae kama mfungwa anayehesabu siku: leo vigae sita kutoka kwenye kiti, leo vinne. Siku moja mchana nimesinzia, naamka nahisi uzito. Amelaza kidevu juu ya hogo, anakoroma. Mguu uliwasha vibaya mno na sikuusogeza kwa saa nzima.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kweli. Kule Budapest, mwaka 1998, watafiti walichukua jaribio linalotumika kwa watoto wadogo na mama zao wakawafanyia mbwa. Chumba kigeni, bwana wake anakaa, anatoka, anaingia mtu asiyemjua. Bwana wake akiwapo, mbwa anacheza na kuchungulia huku na kule zaidi. Akiachwa na mgeni anakwenda kusimama mlangoni. Kwa hiyo ukimwona mbwa wako anazurura uani kwa raha zake wakati umekaa hapo, usidhani hana habari na wewe. Anazurura *kwa sababu* umekaa hapo. Inuka uingie ndani uone atakavyoacha kila kitu.

Na yule anayekufuata hadi mlango wa choo hajalogwa. Kama anakufuata, anajilaza, anapumua ule mpumuo mrefu na kufumba macho, huyo ametulia. Lakini kama ukishika tu funguo anahema, ukiondoka anakwangua mlango mpaka kucha zinatoa damu, anakojoa ndani, analia mtaa mzima usikie, huo ni wasiwasi. Wengine hujisifu nao, "mbwa wangu hawezi kuishi bila mimi." Ndugu, unajisifu kwa mateso ya mwenzako. Toka dakika mbili urudi, toka tano urudi, bila kuagana kwa mbwembwe. Na kaa naye ukiwapo. Kaa naye.

Macho je? Wajapani, timu ya Miho Nagasawa, mwaka 2015 walionyesha kwamba mbwa na bwana wake wakitazamana kwa muda, oksitosini hupanda kwa wote wawili, homoni ileile inayomshikamanisha mama na kichanga. Mbwa mwitu (wolf) waliolelewa na watu hawakufanya hivyo. Lakini tafadhali, ni mbwa wako, na macho ni malegevu. Usiende kumkodolea macho mbwa wa jirani ukasema umesoma kwangu.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Tanga. Kwake mate ya mbwa ni najisi, chombo kilicholambwa kitaoshwa mara saba na moja kwa udongo, na hilo nyumbani kwangu halina mjadala. Alikuja kukaa nasi mwezi mzima. Jenerali alielewa siku ya kwanza: hakumgusa hata kanga. Ila kila alfajiri tulimkuta amelala nje ya mlango wake wa nyuma, miguu ya mbele imenyooshwa kizingitini. Mama akamtazama siku nyingi bila kusema, halafu asubuhi moja akasema, "Kama yule wa watu wa pangoni," yaani yule mbwa wa kwenye Kurani. Tangu siku hiyo akawa anamwekea vichwa vya samaki pembeni. Mbwa si lazima akulambe wala alale kitandani mwako ndipo ujue amekukubali.

Na huko kulambana nako, angalieni. Mbwa asiyechanjwa hana cha kukulamba kidonda. Kichaa cha mbwa kinapita kwenye mate, na kikishaonyesha dalili kwa binadamu ni kifo. Chanjo kila mwaka, muone daktari wa mifugo wa kata yako. Ukiumwa na mbwa, maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, siyo kesho. Mtu anayeposti picha kakumbatiana na mbwa asiye na cheti cha chanjo, sina maneno naye.

Mkesha wa mwaka mpya wa 2022, saa sita, fataki zikaanza. Jenerali huwa anajichimbia nyuma ya tangi. Usiku ule alipita kwenye tangi, akampita Dogo aliyekuwa amesimama getini akitazama juu, akaja kwenye kiti changu na kusukumiza kichwa chini ya kwapa langu. Anatetemeka kama jenereta. Mke wangu anasema nililia. Ulikuwa moshi.

Watu wataniletea Hachikō, yule mbwa wa Japani, najua. Profesa wake alifariki Mei 1925, mbwa akaendelea kwenda stesheni ya Shibuya mpaka naye alipokufa Machi 1935. Sawa. Lakini profesa yule alikuwa akirudi na treni kila siku, na mbwa alikuwa akimpokea kila siku. Wewe unayerudi usiku na kupita moja kwa moja kwenye televisheni, unataka akungoje miaka kumi kwa lipi? Dakika ishirini tu, ndugu yangu. Kaa kibarazani, weka simu ndani.

Dogo aliondoka 2022, sasa ana bodaboda yake na mtoto mmoja. Jumapili iliyopita alikuja kutusalimu. Jenerali ana mvi mdomoni, nyonga zinamsumbua, lakini aliposikia sauti ile nje ya geti alirukaruka kama wa wiki nane. Mabega, masikio, kisauti cha puani, vyote. Tumekula, tumeongea, Dogo akaaga, na mbwa akatoka naye.

Nilimwita mara moja. Hakugeuka. Nikabaki getini namwona anachechemea nyuma ya pikipiki iliyokuwa ikienda mwendo wa mguu, mpaka wakakata kona ya msikiti. Mke wangu akasema ingia ndani, mbu hao. Nikasema naja. Nilikuwa bado nimesimama pale niliposikia kucha zake kwenye changarawe.