Bahasha ya kaki ya mdogo wangu

SWALI

Shikamoo mama. Niko Leicester na mdogo wangu wa kiume, ana miaka 36. Tangu alipoumia kichwa kwenye ajali ya baiskeli, watu wakizidi wawili anachanganyikiwa, anageukia ukutani. Mwaka 2017 alipimwa kwa ajili ya PIP, ile posho ya ulemavu. Upande wa kutembea na kutoka nje walimpa. Upande wa maisha ya kila siku akaambulia pointi 6, mbili kati yake za kukaa na watu, wakamkatalia. Hatukukata rufaa. Wiki iliyopita, hatuna hili wala lile, imeingia bahasha ya kaki: Wizara ya Kazi na Pensheni inapitia upya maamuzi ya zamani, inataka kujua kama alihitaji msaada wa kukaa na watu. Mume wangu anasema tusijibu, wasije wakamnyang'anya hata hicho kidogo. Tufanye nini?

Dada mtu, Leicester

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mwambie mumeo namwelewa. Mimi mwenyewe bahasha kama hizo nilikuwa nikizificha juu ya kabati la vyombo. Lakini hii jibuni.

Ukaguzi huu umeletwa na kesi iliyotoka Uskoti hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza, ikaamuliwa tarehe 18 Julai 2019. Kisa ni kipengele cha 9 cha PIP, kukaa na watu ana kwa ana. Anayehitaji kuhimizwa tu hupata pointi 2. Anayehitaji msaada wa mtu aliyefunzwa au mzoefu hupata 4. Mahakama ikasema kuhimiza nako kwaweza kuwa msaada huo wa pointi 4, na mzoefu si lazima awe nesi: ndugu aliyezoea kumsaidia mgonjwa akae na watu anaweza kuhesabika. Wala si lazima awe ubavuni saa ile ile, msaada wa kabla nao humo, mradi uhusiane na tukio lenyewe.

Sasa piga hesabu. Malipo ya upande ule huanzia pointi 8. Mdogo wako ana 6. Zile 2 zikigeuka 4, kafika. Wanaangalia maamuzi ya kuanzia tarehe 6 Aprili 2016, kwa hiyo wenu umo, na wakikubali humlipa malimbikizo ya nyuma. Wizara yenyewe imesema ukaguzi huu haumpunguzii mtu anachopata.

Kazi iko kwenye kueleza, na hapo ndipo sisi watu wa pwani tunapoharibu. Marehemu mume wangu alipimwa nyumbani. Mpimaji akauliza habari za leo, mzee akajibu, "Nzuri, namshukuru Mungu," nami nikatafsiri vile vile. Nikaleta chai na mahamri. Maswali yaliyobaki nikayajibu mimi. Ripoti ikaja: mgonjwa alizungumza na mgeni bila shida! Kumbe asubuhi nzima nilikuwa nikimwambia, atakuja mwanamke mmoja, atakaa kiti kile, saa sita ataondoka, nami sitatoka chumbani. Hilo sikulisema. Sikujua kama ni msaada, nilidhani ni ndoa.

Basi chukua daftari. Usiandike "namsaidia sana". Andika siku ya Idi mnapokwenda kwa watu, unamwambia nini garini, nani unampigia simu kwanza apunguze kelele, mnakaa wapi, ishara gani inakuonyesha kwamba sasa tuondoke. Andika siku uliyokosekana ilikuwaje, na kwa nini hakuweza mwingine asiyemjua. Uanzie 2017, maana uamuzi unaoangaliwa ni ule. Barua ya daktari ni nzuri, ila usikae ukiisubiri.

Jibu ulichoulizwa. Ukichanganya na mguu uliopona au ugonjwa mpya, hayo ni mabadiliko ya hali, na yanaweza kufungua posho nzima ipimwe upya. Sikwambii ufiche. Mabadiliko yana taarifa yake.

Ukiona barua inanuka utapeli, usipige namba iliyomo. Tumia ile ya barua zenu za zamani. Mkalimani wa Kiswahili mwombe, ni bure, na Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, watakusomea majibu yako kabla hujatuma. Wakikataa, ombeni waangalie tena ndani ya mwezi mmoja wa tarehe iliyopigwa juu ya barua, si siku uliyoifungua.

Na wewe je? Ikiwa unamhudumia kwa saa 35 au zaidi kwa wiki na kipato chako hakizidi kiwango chao, akipewa tu upande wa maisha ya kila siku, omba posho ya mlezi ndani ya miezi 3 ya uamuzi. Ukiwahi, yako nayo inaweza kurudishwa nyuma ilikoanzia yake. Ukichelewa, hiyo nyuma huipati yote.