Mhariri wa kujitegemea: bei ya ukurasa, bei ya neno na jaribio la kurasa nne

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Tanga. Nimemaliza mswada wa riwaya wenye maneno 78,000, unaohusu wavuvi wa Pangani, na ninakusudia kuuchapisha kwa fedha zangu mwenyewe. Nimezungumza na wahariri watatu wa kujitegemea. Wa kwanza anatoza shilingi 2,000 kwa ukurasa, wa pili anatoza kwa neno, na wa tatu ametaja jumla bila hata kuuona mswada. Nitamjuaje anayefaa, na nitajilindaje nisiibiwe kazi yangu?

JIBU: Shikamoo Mwalimu, na hongera kwa kufika mwisho wa mswada, maana wengi huishia sura ya tatu.

Kabla hatujagusa bei, inafaa ujue kwamba neno uhariri limebeba kazi tatu, na huenda wahariri wako watatu kila mmoja amekutajia bei ya kazi tofauti. Ipo ya kuhariri maudhui na muundo, ambapo mhariri huuliza kama kisa kinasimama, kama mhusika aliyezama baharini sura ya tano anaonekanaje sokoni sura ya tisa, na kama sura mbili za mwanzo zinahitajika kweli. Ipo ya kuhariri lugha, sentensi kwa sentensi. Na ipo ya kusoma prufu, ambayo hufanywa baada ya kitabu kupangwa kurasa kwa ajili ya mtambo, ili kunasa makosa ya herufi, namba za kurasa na vichwa vya sura. Mpangilio huo haupinduliwi, kwa sababu hakuna faida ya kusafisha koma za sura ambayo kesho utaambiwa uiondoe. Kwa kuwa unajichapishia, gharama zote tatu ni zako. Laiti kazi ingekuwa imepokelewa na mchapishaji wa kawaida, yeye ndiye angemlipa mhariri.

Sasa bei ya ukurasa. Muulize mhariri wa kwanza ukurasa wake una maneno mangapi. Kipimo kilichozoeleka katika kazi hii ni maneno 250, yaani ukurasa ulioachwa nafasi mbili kati ya mistari, na kwa kipimo hicho mswada wako una kurasa 312, sawa na shilingi 624,000. Lakini ukibana mistari kwenye karatasi ya A4, ukurasa mmoja huweza kubeba maneno 500 hivi. Kurasa zinakuwa 156 na bili inashuka hadi shilingi 312,000. Mswada ni uleule na bei ya ukurasa ni ileile. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa sababu ya nafasi kati ya mistari.

Bei ya neno inaonekana kuwa safi zaidi, ila ina mtego wake kwa lugha yetu. Wahariri wengi huichukua kutoka kwenye orodha za bei za wahariri wa Kiingereza, ilhali neno la Kiswahili hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kitendo kwa pamoja: "hatutawaambia" ni neno moja kwetu, na Mwingereza hulisema kwa maneno matano. Maneno 250 ya Kiswahili kwa hiyo yana kazi kubwa kuliko maneno 250 ya Kiingereza, na mhariri aliyenakili bei ya huko atajikuta anapunjika katikati ya kazi. Anayepunjika hufidia kwa kuharakisha, na hasara inarudi kwako.

Mimi hupendelea jumla moja iliyokubaliwa, yenye idadi ya maneno iliyoandikwa kando yake. Kwa hiyo yule wa tatu hakukosea kutaja jumla. Kosa lake ni kuitaja kabla ya kuona hata ukurasa mmoja, kwa kuwa mswada ulioandikwa kwa uangalifu na mswada wenye vurugu, hata vikiwa na urefu sawa, haviwezi kuchukua muda sawa.

Yaliyobaki yataamuliwa na jaribio. Wape wote watatu maneno 1,000 yaleyale, yaani kurasa nne, wayahariri, na ukiweza walipe kitu kidogo kwa kazi hiyo. Usiwape sura ya kwanza, ambayo bila shaka umeipiga msasa mara ishirini. Chagua mahali katikati panapokusumbua, penye masimulizi na mazungumzo kwa pamoja. Kisha soma walichobadilisha, na usome kwa makini zaidi walichokiacha.

Tuseme msimulizi wako ameandika "samaki ilikuwa imeoza". Mhariri anapaswa kusahihisha iwe "samaki alikuwa ameoza", kwa kuwa katika Kiswahili sanifu samaki hufuata upatanisho wa viumbe hai hata akiwa kwenye ndoo. Lakini mchuuzi aliyetoka bara akisimama ufukweni na kuuliza "Samaki hii bei gani?", mhariri mwenye sikio atamwacha aseme hivyo, kwa maana msomaji anamtambua mgeni kwa kauli hiyo. Hali ni hiyohiyo kwa wavuvi wako ikiwa umewapa lafudhi ya Kimtang'ata, lahaja ya pwani ya Tanga. Atakayewasanifisha wote wakazungumza kama taarifa ya habari anaijua sarufi, lakini riwaya hajaijua. Tazama pia kama amenasa "alikwenda kupiga kula", kosa ambalo programu ya tahajia hulipita kimya kwa kuwa "kula" nalo ni neno halali. Na tazama kama ameandika maswali pembeni pale asipokuwa na hakika. Asiyeuliza swali hata moja katika kurasa nne za riwaya ya mtu mwingine hunitia wasiwasi. Muulize vilevile anafuata kamusi ipi, iwe Kamusi ya Kiswahili Sanifu au Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, na kama atakuachia orodha ya maamuzi yake ya tahajia, kwa mfano "kwa hiyo" au "kwahiyo".

Kuhusu muda, mimi binafsi nikihariri lugha humaliza kurasa 25 hadi 30 kwa siku. Kwa mzunguko mmoja wa mswada wako hizo ni siku kumi na moja hadi kumi na tatu za kazi, na mzunguko wa pili ni lazima. Anayekuahidi siku tatu anakusudia kuusoma tu, au kuupitisha kwenye programu.

Hofu ya kuibiwa ninaielewa, ingawa wizi wa mswada mzima unaofanywa na mhariri sijaukuta mara nyingi kama unavyosimuliwa. Kwa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwandishi haki tangu anapoiandika kazi yake, bila kungoja usajili. Kujisajili COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya nchi, ni kujiongezea ushahidi. Tuma mswada kwa barua pepe ili tarehe ibaki, na uwe na mkataba, hata wa kurasa mbili, unaotamka kwamba hakimiliki yote ni yako, kwamba mhariri hatamwonyesha mtu mwingine kazi hiyo wala kuiingiza kwenye programu za akili mnemba bila idhini yako ya maandishi, na kwamba atairudisha katika faili la Word ambalo kila badiliko linaonekana ili ulikubali au ulikatae. Mhariri anayerudisha faili safi lisilo na alama amekunyima haki ya kujua alichokifanya.

Malipo yagawe mafungu matatu: la kuanzia, la pili nusu ya mswada inaporudi, na la mwisho utakapokuwa umepitia mabadiliko yote na yeye amejibu maswali yako. Nusu ya kwanza ikirudi, isome yote kabla hujamruhusu kuendelea. Na kwa prufu tafuta mtu mwingine kabisa, kwa sababu mhariri aliyeusoma mswada mara mbili, sawa na wewe uliyeuandika, macho yake yameshaanza kusoma kinachotakiwa kuwepo badala ya kilichopo.