Muulize Fundi: Besi inatikisa vikombe, maneno ya muvi hayasikiki

Tangu tumalize mada ya kuchagua TV meseji zimegeuka, sasa hivi karibu wote mnauliza sauti. Nimechukua chache, na kama yako haipo soma hata ya mwenzio maana matatizo ni yaleyale tu, nyumba ndo zinatofautiana.

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua hom thieta ya spika tano na sabufa pale Kariakoo, boksi limeandikwa wati 1000. Kwenye muziki inapiga mpaka vikombe vinatikisika kabatini ila tukiweka muvi tunasikia milio na mabomu tu, maneno hatuyapati, baba kila dakika anauliza "kasemaje huyo?". Spika zote tano nimezipanga juu ya kabati la TV. Kuna jamaa kaniambia nitafute amplifaya kubwa zaidi. Nifanyeje? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Marahaba. Kwanza hiyo hela ya amplifaya irudishe mfukoni. Sauti unayo nyingi tu, tatizo ni imekaa wapi.

Iko hivi, kwenye muvi iliyorekodiwa kwa chaneli 5.1, yaani njia tano za spika na moja ya sabufa, maneno ya waigizaji karibu yote yanapelekwa spika moja, ile ya katikati, senta. Kushoto na kulia wanabeba muziki na vishindo vinavyotembea, zile mbili za nyuma zinabeba mvua, watu sokoni, gari linalopita, na sabufa yenyewe inashika mngurumo wa chini. Sasa wewe umezipanga zote tano mbele kwa mstari, yaani mvua, bunduki na maneno vyote vinakujia kutoka sehemu moja, sikio litachambua saa ngapi? Na nina uhakika senta yako imesukumwa nyuma kwenye rafu, pembeni kuna chombo cha maua, hapo maneno lazima yatoke kama mtu anaongea ndani ya debe.

Anza na hiyo senta. Iweke chini ya TV au juu yake, katikati kabisa, uivute mpaka uso wake ufike kwenye ukingo wa rafu, mbele yake pasiwe na kitu. Kama iko chini sana kunja kipande cha boksi uichomeke chini kwa mbele ili itazame juu kidogo, inatakiwa ielekee masikio ya aliyekaa na sio magoti yake. Ukimaliza weka taarifa ya habari, usiweke muvi, habari ndo kipimo kizuri maana ni mtu mmoja anaongea tu, sikiliza kabla na baada ya kuivuta utaona tofauti bila kuambiwa.

Kushoto na kulia zitenganishe. Kama kochi liko mita 2 na nusu kutoka TV basi zenyewe ziachane mita 2 hadi 2 na nusu, ukichora mstari kutoka kwako mpaka kwenye kila moja upate pembetatu ya pande sawa au inayokaribia hapo, na twita, vile vispika vidogo vya sauti za juu, ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa. Zile mbili za nyuma zitoe kabisa kwenye hilo kabati. Zinakaa ubavuni kwako zikirudi nyuma kidogo, juu ya kichwa kama nusu mita hivi. Najua sebule zetu kochi limebanwa ukutani hakuna nyuma, hapo zipigilie kuta za pembeni zitazamane, na kochi lenyewe livute mbele hata shubiri mbili. Waya zilizokuja na boksi mara nyingi hazifiki, nunua waya ya spika, isiwe nyembamba kama ya kengele ya mlangoni, na hapa naomba uwe makini: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, mbele na nyuma. Ukigeuza spika moja yenyewe inavuta wakati mwenzake anasukuma, besi inakufa na sauti inakuwa haina mahali pake. Kama huamini waya ipi ni ipi chomoa upande wa mashine, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha mbili kidogo tu, koni ikitoka nje basi waya iliyogusa chanya ndo nyekundu yako.

Ukishapanga ndo ushike rimoti. Tafuta sehemu ya LEVEL au TRIM au CH, mashine zinatofautiana, pandisha senta kwa 3 au 4 halafu sabufa ishushe. Ukiona imeandikwa umbali wa kila spika, ingiza mita za kweli kutoka kwenye spika mpaka kochini, usiache zile ilizokuja nazo kiwandani, maana sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, spika iliyo karibu inawahi na iliyo mbali inachelewa, mashine inatumia hizo namba kuzisubirisha.

Jambo la mwisho kwako ambalo wengi linawapiga chenga: angalia nyuma ya mashine. Kama unaunganisha kwa waya zile mbili nyekundu na nyeupe, hizo zinabeba chaneli mbili tu hata muvi yenyewe iwe ya tano, mashine inakopi ileile inasambaza kote. Kuna hom thieta nyingi za bei ya chini hazina hata HDMI wala optiko, matundu yanayoweza kupitisha chaneli zote, spika ni tano ila akili ni mbili. Kama yako ina HDMI chomeka kwenye tundu la TV lililoandikwa ARC, kisha ingia setingi za sauti za TV, pale penye PCM na BITSTREAM chagua BITSTREAM au AUTO. TV nyingi zikiachwa kwenye PCM zinatoa chaneli mbili. Halafu ile mode ya kupiga spika zote sawa iliyokufurahisha kwenye muziki, ukiweka muvi itoe.

Na hizo wati 1000 zisikutishe, wala zisikufurahishe. Geuza mashine usome kibandiko cha nyuma inakula umeme kiasi gani, kama inakula wati 60 hizo 1000 zinatoka wapi? Hiyo ni PMPO, namba ya kuuzia. Ukienda dukani uliza RMS, hiyo ndo nguvu inayotoka mfululizo.

SWALI: Fundi habari za kazi. Tumehamia nyumba yetu, sebule kubwa, chini vigae, juu jipsamu, dirisha kubwa la kioo. Spika zilezile zilizokuwa zinapiga vizuri nyumba ya kupanga huku sauti inarudi kama tuko kanisani. Mume wangu anataka kubandika trei za mayai ukutani kama studio. Ni kweli zinasaidia? (Mama wa watoto wawili, Mwanza)

Hongera kwa nyumba dada. Mwambie shemeji trei zile awaachie wauza mayai. Ni karatasi nyepesi, zinagusa kidogo sauti za juu tu na kwingine hamna kitu, na moto ukitokea zinashika haraka sana, sio kitu cha kujaza ukutani.

Nyumba ya kupanga ilikuwa imejaa vitu, ndo maana. Kitanda labda kilikuwa nyuma ya pazia, nguo, godoro, makochi yamebanana, vyote hivyo vinakunywa sauti bila nyie kujua. Huku sauti inatoka kwenye spika inapiga kigae, inapiga kioo, inarudi, masikio yanapata neno moja mara nne kwa kuchelewa kidogo kidogo. Simama katikati ya sebule piga kofi moja kali, ukisikia mlio unaolia "zing" baada ya kofi basi ndo huo.

Dawa yake ni ya kawaida na unaweza kuinunua taratibu. Kwanza zulia nene katikati ya spika za mbele na kochi, manyoya marefu, sio mkeka wa plastiki. Pili mapazia mazito yenye mikunjo mingi kwenye hicho kioo, na uyafunge mnapoangalia, yale ya neti peke yake hayafanyi kitu. Tatu, ukuta ule wa nyuma ya kochi usiuache mtupu, kabati la vitabu vya ukubwa tofauti linavunja sauti vizuri. Kitenge au kanga iliyotandazwa ukutani inapendeza ila ni nyembamba mno, usitegemee. Piga kofi tena baada ya zulia, kabla hujanunua kingine, inawezekana ikaishia hapo.

SWALI: Salaam aleikum. Wufa yangu ni kubwa lakini nikikaa kochini besi hakuna kabisa, nikienda mlangoni kufungulia mtu nakuta inanguruma vibaya. Ukumbi ni kama mita 4 kwa 3 na nusu, kochi liko katikati. Ni mbovu? (Msomaji, Mombasa)

Waaleikum salaam. Wufa ni nzima, wewe ndo umekaa kwenye shimo.

Besi ni mawimbi marefu, na kuta mbili zinazotazamana zikiachana mita 4 wimbi la mitetemo kama 43 kwa sekunde nusu ya urefu wake inaenea pale barabara, yaani linajibana kati ya kuta likijirudia. Linapojibana hivo linakuwa na nguvu sana ukutani na pembeni, na katikati kabisa linakuwa karibu halipo. Kochi lako liko katikati, mlango uko ukutani. Ndo majibu yako hayo.

Kwa hiyo usiongeze volyumu ya wufa, utawaumiza wa mlangoni tu. Sogeza kochi nyuma kama theluthi ya ukumbi hivi, wala lisigande ukutani kwa sababu huko napo besi inazidi. Kama kochi haliwezi kusogea basi cheza na wufa, na kuna njia moja mafundi wanaitumia, watu wakiona wanacheka lakini inafanya kazi: beba wufa uiweke pale pale kochini unapokaa, weka wimbo wenye besi inayotembea juu na chini, halafu wewe piga magoti utambae kuzunguka kuta, kichwa chini usawa wa wufa. Kuna mahali itakuwa inavuma, kuna mahali itapotea, na utafika mahali kila nota inasikika sawasawa. Hapo ndo uiweke. Funga mlango usije ukaonekana.

Ikishakaa, tafuta nyuma kijiti cha PHASE chenye 0 na 180, mtu akae kochini wewe ukigeuze, upande wenye besi nene ndo uache. Na kile kinobu cha kukata (CROSSOVER, kinachopanga wufa ianzie kushika sauti za chini wapi), kama spika zako nyingine ni vidude vidogo vya kiganja weka kwenye 120 hivi kwa sababu vyenyewe chini ya hapo haviwezi, kama ni spika kubwa 80 inatosha.

SWALI: Mashine ikiwashwa inatoa "uuuuu" hata bila muziki. (Morogoro)

Chomoa kebo ya dishi au antena kwenye king'amuzi huku mashine ikiwa imewaka. "Uuuuu" ikikata, basi umeme unazunguka kupitia hiyo kebo, na huo mlio ni ule ule wa 50 kwa sekunde wa ukutani. Chomeka TV, king'amuzi na hom thieta kwenye ekstensheni moja iliyo nzima. Ikigoma unganisha TV na mashine kwa kebo ya optiko ile inayotoa mwanga mwekundu, mwanga haubebi umeme kwa hiyo njia inakatika. Usikate mguu wa erthi wa plagi. Najua kuna fundi atakwambia ukate na mlio utaisha kweli, ila siku chombo kimoja kikivuja umeme utaupokea wewe mkononi.

SWALI: Kaka mimi nimepanga chumba na sebule, ukuta wa jirani ni mmoja. Mama mwenye nyumba kashanionya mara ya pili. Nauza sabufa? (Dodoma)

Usiuze. Ukuta wa tofali moja unazuia maneno lakini besi inapita tu. Itoe sabufa kwenye ukuta wa jirani na uitoe kwenye kona, kona inaiongezea nguvu ya bure, iweke karibu na kochi lako ili ikutoshe kwa volyumu ndogo, na chini yake weka kipande kinene cha raba au godoro la sponji gumu ili isitikise sakafu. Usiku tafuta NIGHT au DRC kwenye rimoti, hiyo inashusha vishindo na kupandisha manong'ono, unaacha kushika rimoti kila bomu linapolipuka. Na saa nne ikipita zima sabufa kabisa ubaki na senta. Mama mwenye nyumba nenda kamsalimie mwenyewe, mwambie umeihamisha, akikaa kwake sebuleni asikilize wewe ukiwa umewasha.

SWALI: Nina sabufa ya spika mbili, nataka niongeze mbili za redio ya zamani kwenye matundu yaleyale. Inaruhusiwa? (Iringa)

Soma nyuma ya spika zote pameandikwa ohm ngapi. Zikiwa za 8 ukiunga mbili sambamba kwenye tundu moja zinakuwa 4, soma kwenye mashine kama inakubali 4. Zikiwa za 4 zinakuwa 2, na sabufa nyingi za mezani haziwezi hiyo, utaona inapiga vizuri robo saa halafu inachemka, ai-si, ile chipu ya amplifaya ndani, inaungua. Za 4 ziache zilipo.