Kwa Mama Layla: jina la Trembath na namna ya kulifuatilia hadi Cornwall

Mama Layla, habari za siku. Swali lako nililiona tangu juzi, nikangoja nipate usiku mtulivu nikujibu kwa kituo. Kwa wanaoingia sasa kwenye uzi huu: Mama Layla anaishi Leeds, mumewe ametangulia mbele ya haki, na binti yao anataka kujua jina lake la ukoo, Trembath, limetokea wapi. Bibi yake mzaa baba anasema asili yao ni Cornwall, kaunti ya kusini-magharibi mwa Uingereza, na kwamba wazee wao walikuwa mabwana wenye ngome. Mama Layla anauliza aanzie wapi, na kama inabidi amlipe mtu wa kumtafutia.

Usimlipe mtu bado. Na hiyo ngome iweke pembeni kwa sasa. Si kwamba bibi anadanganya, ila ukiitanguliza ngome utaanza kuwatafuta mabwana, na walio wako utawapita njiani bila kuwaona. Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa Camborne, magharibi ya Cornwall, huu mwaka wa kumi na nne. Wanangu ni kina Angove. Wiki ya kwanza nilipokaribishwa kwa mavyaa wangu, alinikalisha jikoni akanisimulia kwamba wao ni kizazi cha An Gof. Huyo ni Michael Joseph, mhunzi wa kijiji cha St Keverne. Mwaka 1497 mfalme Henry wa Saba alitoza kodi ya vita vyake na Scotland, watu wa Cornwall wakagoma kulipia vita vya mbali visivyowahusu. Mhunzi huyo na mwanasheria wa Bodmin, Thomas Flamank, wakawaongoza maelfu ya watu kwa miguu hadi milangoni mwa London. Walishindwa tarehe 17 Juni, na siku kumi baadaye wote wawili wakauawa Tyburn, mahali pa kunyongea watu London. Hadithi kubwa, na Cornwall wanaikumbuka kila mwaka. Nikasema nitawajengea wanangu mstari kutoka kwa baba yao hadi kwa mhunzi yule.

Nilipoteza karibu mwaka mzima. Angove ni neno la Kikornishi, lugha ya wenyeji, ndugu wa Kiwelshi na Kibretoni. Maana yake ni mhunzi tu. Kila parokia ilikuwa na mhunzi wake, kwa hiyo jina hilo limezaliwa mara nyingi, mahali pengi, kwa watu wasio na udugu wowote. Na zaidi ya hapo, mwenyewe aliandikwa Michael Joseph. An Gof ilikuwa kazi yake. Wanawe wangeweza kuitwa Michael, au Joseph, au jina la shamba walilolima, na wasiitwe Angove kabisa.

Hapa ndipo sisi tuna faida ambayo Waingereza wengi hawana. Mtu wa pwani haoni ajabu Hamisi Juma kumzaa Ali Hamisi, na Ali Hamisi kumzaa Saidi Ali. Magharibi ya Cornwall, ambako Kikornishi kilidumu kuliko kwingine, walikuwa hivyohivyo hadi miaka ya 1500 na hata 1600, wakati sehemu nyingi za Uingereza majina ya koo yalikwisha kuganda zamani. Richard mwana wa Thomas aliitwa Richard Thomas, na mwanawe akaitwa John Richard. Ndiyo maana makaburi ya huku yamejaa kina Thomas, Richards, Williams na Harris ambao hawahusiani.

Namna ya pili ni jina la shamba, na hii inakuhusu wewe. Tre kwa Kikornishi ni boma, makazi ya mkulima na familia yake. Pen ni kichwa au ncha, pol ni dimbwi, nans ni bonde, chi ni nyumba. Chenoweth ni nyumba mpya, Trenoweth ni boma jipya. Maboma mapya yalikuwa kila upande, kwa hiyo wenye jina la Trenoweth wanaweza kuwa wametoka popote. Trembath ni afadhali sana kwako, kwa sababu ni jina la mahali panapojulikana: shamba katika parokia ya Madron, pembeni mwa Penzance. Ukianza utafutaji una pa kuelekeza macho.

Lakini angalia, mtu alikuwa akihamia shamba anachukua jina la shamba. Akihama tena, anaweza kulibadilisha. Kwenye vitabu vya zamani utakuta makarani wameandika majina yote mawili kwa mtu mmoja, katikati wakaweka neno alias. Nilipolikuta mara ya kwanza nilidhani ni jambazi aliyejificha. Kumbe ni mkulima aliyehama tu.

Jambo hili lilinigusa kwa sababu ya babu yangu mzaa mama. Alifika Tanga kama manamba kukata mkonge, na karani wa shamba, alipoulizia jina la pili, akaandika jina la kijiji alikotoka. Hadi leo wajomba zangu wanaitwa kwa kijiji ambacho wengi wao hawajawahi kukikanyaga. Kwa hiyo ninapoona jina la shamba limeandikwa mbele ya jina la mtu mwaka 1620, sioni ngome. Namwona mtu amesimama mbele ya karani.

Sasa njia yenyewe. Anza na Layla, rudi nyuma hatua moja moja, na usiruke hatua hata moja. Cheti cha kuzaliwa cha baba yake kitakupa wazazi, pamoja na jina la usichanani la mama. Kwa hilo unatafuta cheti chao cha ndoa, ambacho kina majina ya baba wa bwana na baba wa bibi harusi na kazi zao. Kisha kuzaliwa kwa hao. Usajili wa serikali ulianza tarehe 1 Julai 1837 kwa Uingereza na Wales, na orodha ya vizazi na vifo inatafutwa bure kwenye tovuti ya ofisi ya usajili yenyewe ukishafungua akaunti. Orodha hiyo inaonyesha jina la usichanani la mama tangu mwanzo, hata kwa miaka ya 1840, nalo litakuokolea vyeti vingi vya kununua kwa kubahatisha.

Sambamba na vyeti, tumia sensa. Ilifanyika kila miaka kumi, na ya 1841 ndiyo ya kwanza yenye manufaa kwetu, ingawa ni bahili: umri wa watu wazima waliushusha hadi tano ya karibu, na mahali pa kuzaliwa waliuliza tu kama ni ndani ya kaunti. Ya 1851 ndiyo dhahabu. Inataja parokia mtu alikozaliwa na uhusiano wake na mwenye nyumba. Ya 1931 iliteketea kwa moto na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, kwa hiyo kwa kipindi hicho shika rejista ya Septemba 1939, orodha ya wakazi iliyoandikwa vita vilipoanza, na sensa ya 1921.

Kwenye sensa ndipo nilipompata mtu ambaye sikutegemea kumpenda hivi. Mwaka 1871 yuko Camborne mke mmoja, watoto wanne, ameandikwa mke wa mchimbaji, na mchimbaji hayumo nyumbani. Mwaka 1881 bado hayumo, na binti wawili wakubwa wanafanya kazi juu ya mgodi, kuvunja mawe ya madini kwa nyundo. Mwaka 1891 ameandikwa mjane. Mavyaa alikuwa na jibu moja tu: yule mzee alikimbia familia.

Kumbe bei ya shaba ilianguka vibaya mwaka 1866, migodi mingi ya Cornwall ikafungwa, na wanaume wakaondoka kwa maelfu: Australia Kusini, California, Michigan, Mexico, baadaye Afrika Kusini. Kila penye shimo refu duniani palikuwa na mtu wa Cornwall chini yake. Nikaingia kwenye Trove, hazina ya magazeti ya zamani ya Maktaba ya Taifa ya Australia, ambayo ni bure, nikaandika jina na neno Moonta, mji wa shaba ambako wengi wao walikwenda. Nikamkuta kwenye mistari sita ya gazeti la 1884: amefariki mgodini, na wenzake wamechangisha fedha za kumpelekea mke wake Camborne. Hakukimbia. Nilimsomea mavyaa mistari ile, akaniomba nirudie. Nilirudia mara tatu.

Kwa hiyo kama kwenye familia yenu kuna baba aliyetoweka, kabla ya kumhukumu tafuta ng'ambo.

Kabla ya 1837 unategemea vitabu vya parokia. Amri ya kuandika ubatizo, ndoa na maziko ilitolewa mwaka 1538, ingawa si kila parokia imehifadhi vitabu vya mwanzo. Tangu 1754 ndoa ziliandikwa kwenye fomu za chapa zenye sahihi au alama za maharusi na mashahidi. Tangu 1813 ubatizo nao una fomu, yenye kazi ya baba na makazi. Nyuma ya hapo karani aliandika alivyosikia na alivyopenda. Angove nimeikuta kwa tahajia saba. Jina lenu usilitafute kwa herufi za leo tu. Litamke kwa sauti, kisha andika kila namna ambayo sikio la mtu mwingine lingeweza kulisikia.

Jingine la kujua mapema: kabla ya 1752 mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi. Mimi nilikuta ndoa ya Mei 1731 na ubatizo wa mtoto wao wa kwanza Februari 1731, nikanyamaza kwa wiki nzima nisimvunjie mavyaa heshima ya ukoo. Februari ile kwa hesabu yetu ni 1732. Miezi tisa kamili.

Kosa langu kubwa lilikuwa lingine. Nilikuta mti wa ukoo ulioandaliwa na mtu nisiyemjua mtandaoni, umepangika vizuri mno, nikaunakili. Baba wa kizazi cha sita alikuwa John, aliyebatizwa Illogan. Nikamfuata huyo John nyuma vizazi vitatu, nikawasimulia watoto. Siku moja nikapitia maziko ya parokia ileile, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kwanza, nikamkuta John yule amezikwa akiwa na miezi mitano. John wetu alikuwa mwingine, amebatizwa parokia ya jirani. Vizazi vitatu nikavifuta. Tangu hapo kila ninayempata kwenye ubatizo namtafuta kwenye maziko kabla sijampa nafasi.

Ukikwama kumpata mtoto kanisani, kumbuka Cornwall ni nchi ya Wamethodisti. John Wesley, mwanzilishi wao, alianza kuja kuhubiri mwaka 1743, na wachimbaji walimfuata kwa umati. Watoto wengi walibatizwa kwenye makanisa hayo, kwa hiyo angalia vitabu vyao pia. Na kwa Penzance hasa, ujue mji ule ulikuwa ndani ya parokia ya Madron hadi karne ya 19, kwa hiyo mtu wa Penzance usishangae kumkuta kwenye vitabu vya Madron.

Wasia ni habari ya kusikitisha. Sehemu kubwa ya wasia za Devon, pamoja na baadhi za watu wa Cornwall, zilikuwa Exeter, na zikaungua mji ulipopigwa mabomu Mei 1942. Bahati nzuri wasia zilizopita kwenye mahakama ya kanisa ya Cornwall yenyewe zimesalia, ziko Kresen Kernow, hifadhi ya nyaraka iliyofunguliwa Redruth mwaka 2019 ndani ya kiwanda cha zamani cha bia. Nenda na Layla siku moja. Kugusa karatasi aliyoigusa mtu wa 1700 ni tofauti kabisa na kuangalia kioo. Ukifika omba ramani ya zaka ya Madron, ya miaka ya 1840 hivi. Inaonyesha kila kiwanja, mwenye ardhi na anayelima. Usiumie ukikuta shamba la Trembath linakaliwa na watu wa jina jingine kabisa. Wenye jina hilo wengi walikwisha kuhama kitambo.

Kabla ya safari, maliza ya bure: tovuti ya makarani wa parokia wa kujitolea wa Cornwall, wanaoitwa Online Parish Clerks, ina ubatizo, ndoa na maziko yaliyonakiliwa kwa mkono, na FamilySearch, tovuti ya bure ya kutafuta koo, ina mengine. Pia kuna orodha za kiapo cha kutetea dini ya Kiprotestanti, cha 1641 na 1642, wanaume wa miaka kumi na minane na zaidi waliotakiwa kuapa, parokia kwa parokia. Ukifika nyuma hivyo, kina Trembath waangalie humo.

Na bibi yake Layla, mkalishe sasa. Usimuulize habari za ngome. Muulize bibi yake yeye alizikwa wapi, nani alikuwa akiwaletea barua kutoka nje, na yule mtoto aliyekufa mdogo aliitwa nani. Rekodi sauti yake kwenye simu. Mavyaa wangu alifariki kabla sijamaliza maswali yangu, na kuna picha mbili za wanawake hapa nyumbani ambazo hakuna aliye hai anayewajua.

Ukipata cheti cha ndoa cha babu yake Layla, niandikie hapa mwaka na parokia tu, majina ya walio hai usiyaweke. Jumamosi ijayo nitakuwa Redruth, nitakuangalizia Madron.